Damu Ipimwe Kwanza

Kituo cha afya kinapozinduliwa huku Kanda ya Kati, utepe hukatwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mgeni rasmi huoneshwa kitanda kinachopanda na kushuka, taa kubwa ya duara na mashine ya usingizi, kisha hutoka nje kukabidhi funguo za gari la wagonjwa. Hotuba hufuata, nayo haibadiliki sana: vifaa vya kisasa vimefika, mama zetu hawatakufa tena. Vigelegele hupigwa, na wanaopiga wana haki, kwa sababu chumba kile na gari lile ni kodi yao.

Ninachobishia ni imani iliyojengeka nyuma ya hotuba hiyo. Imewashika madiwani, wabunge, baadhi ya madaktari na sisi waandishi wa habari tunaoiripoti bila swali. Imani hiyo inasema mama anayevuja damu baada ya kujifungua anakufa kwa kukosa mashine, na kwamba mashine kubwa zaidi huokoa zaidi. Mimi nasema kwa mama anayejifungulia mahali kama Kintinku, kifaa cha kununuliwa kwanza ni shuka la plastiki lenye mistari ya vipimo. Vingine vyote vikae foleni nyuma yake. Hakuna aliyewahi kukatia utepe shuka la plastiki, na hiyo ni sehemu ya tatizo.

Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, bondeni chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ya kati inapita hapo tangu enzi za Mjerumani, na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida nayo inapita. Ukielekea mashariki unaivuka Bahi na kufika Dodoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ile ya Benjamin Mkapa. Ukielekea magharibi unaupandisha mlima wa Saranda hadi hospitali ya wilaya Manyoni, na mbele yake Itigi kuna Mtakatifu Gaspar. Kwenye ramani, basi, mama wa Kintinku si mtu wa mbali. Lakini watu wa kata hiyo na za jirani hawaishi wote kando ya lami. Wapo walioko majarubani kwenye mpunga, kwenye mashamba ya uwele na alizeti, ambako masika yakichachamaa pikipiki inasukumwa. Na hata aliyeko kando ya lami, damu yake haisubiri.

Hesabu yenyewe ni hii. Mimba ikitimia, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni nusu lita au zaidi kwa kila dakika. Kondo la nyuma likishabanduka, mishipa iliyokuwa imelishikilia hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe kujikaza. Ikikaza, mama anakunywa uji na kuuliza mtoto ana kilo ngapi. Ikilegea, bomba limefunguliwa. Mwanamke mzima ana damu ya lita tano hivi, na makadirio wanayofundishwa wakunga ni kwamba kuvuja kusikodhibitiwa kunaweza kumuua ndani ya saa mbili. Katika saa hizo mbili, toa muda wa mkunga kugundua kuwa kuna hatari, muda wa kumtafuta mganga, muda wa simu, muda wa dereva kufika, muda wa safari ya kupanda Saranda au kwenda Dodoma, muda wa kupokelewa, muda wa maabara kupima kundi la damu, muda wa timu ya upasuaji kukusanyika. Karibu kila kipande cha muda huo kina watu wanaokidaia bajeti. Kipande cha kwanza, cha kugundua, hakina mwenyewe, na ndicho kinachoamua vingine vyote vianze saa ngapi.

Najua jibu litakalokuja hapa: mkunga gani asiyeona damu? Anaiona, ndiyo. Kuiona na kujua ni kiasi gani ni mambo mawili. Damu ya leba haikai mahali pamoja. Nyingine imenyonywa na kanga, nyingine imelala juu ya godoro chini ya mgongo, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi kwenye beseni, nyingine imeganda na kubaki ndani. Umeme ukikatika, mwanga ni wa tochi ya simu. Mkunga ana mtoto mkononi, anamfuta, anasikiliza kama analia. Na mama mwenyewe anampotosha bila kukusudia, kwa sababu mwili wa mwanamke kijana una uvumilivu wa ajabu: presha hubaki inaridhisha wakati damu nyingi imeshaondoka, kisha huporomoka ghafla. Mwaka 2006 watafiti nchini India walilinganisha makadirio ya macho na kiasi kilichokusanywa kwenye shuka lenye vipimo, wakakuta macho yanapunguza kwa karibu theluthi. Hao walikuwa watu wenye ujuzi, wakitazama jambo wanalolitazama kila siku.

Tena uzoefu una mtego wake. Aliyezalisha wanawake wengi ameona damu nyingi isiyoua, na kila mara mama aliponyanyuka salama jicho lake lilijifunza kuvumilia zaidi. Silaumu. Ningekuwa mimi zamu ya usiku peke yangu, na wajawazito wengine wawili wakiugulia kitanda cha pili na cha tatu, ningejiambia hivyohivyo: itakata tu.

Sasa utafiti ambao ulipaswa kubadilisha hotuba zetu. Unaitwa E-MOTIVE, matokeo yake yalitoka Mei 2023, nao uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na watafiti wa nchi nne: Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kwa upande wetu alikuwamo Dkt. Fadhlun Alwy Al-beity wa Muhimbili. Hospitali 80, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali za kundi moja ziliendelea na utaratibu wao. Za kundi la pili zilipewa shuka lenye vipimo na kufundishwa kwamba mstari ukifikiwa, hatua zote za tiba zinaanza kwa pamoja. Katika kundi la kwanza, wanawake waliovuja damu kupita kiwango waligunduliwa nusu tu, asilimia 51. Katika kundi la pili waligunduliwa asilimia 93. Waliopata tiba kamili walikuwa asilimia 19 upande mmoja na asilimia 91 upande mwingine. Na waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walishuka kutoka 43 kwa kila wanawake 1,000 hadi 16.

Soma tena ile asilimia 51, kisha kumbuka ilipatikana wapi. Hazikuwa zahanati za porini. Zilikuwa hospitali zenye madaktari na uwezo wa kupasua, vitu vyote vinavyotajwa kwenye hotuba. Nusu ya wanawake waliovuja damu walilala hatua chache kutoka chumba cha upasuaji bila mtu kutambua kwamba wamevuka mpaka.

Kuna jambo lingine ndani ya utafiti huo ambalo hutajwa kwa nadra, nami naliona ndilo kiini. Hospitali za kundi la kwanza nazo zilipewa shuka la plastiki, ili watafiti waweze kupima damu baadaye kwa mizani. Lilikuwa shuka lisilo na mistari. Plastiki ilikuwapo pande zote mbili. Damu ilikusanywa pande zote mbili. Upande mmoja mkunga aliweza kusoma na alijua afanye nini akishasoma. Upande wa pili alikuwa na mfuko wa damu tu.

Tulione likifanya kazi. Mtoto ameshatoka. Mkunga anapenyeza shuka chini ya makalio ya mama na kulifunga kamba kiunoni. Ncha yake inaning'inia ukingoni mwa kitanda ikiwa na mfuko mwembamba chini, mpana juu. Damu inashuka humo. Kwa saa ya kwanza, kila dakika 15, mkunga anatazama mfuko, anabonyeza tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza, anapima presha na mapigo. Damu ikigusa mstari wa mililita 300 na presha au mapigo hayako sawa, anaanza. Ikigusa 500 anaanza hata kama mama anacheka. Na kuanza ni kuanza kwa vyote: kusugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze, oksitosini ya kuukaza zaidi, dawa ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu kwenye mshipa, dripu, kisha kukagua kama kuna mchaniko, kipande cha kondo kilichobaki au kibofu kilichojaa, na kuita msaada. Lengo ni dakika 15. Zamani wakunga walifundishana kujaribu kimoja, kungoja, kujaribu kingine. Kungoja huko ndiko kulikomaliza wanawake.

Hiyo traneksamiki ina kisa chake. Iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, na kwa muda mrefu Utako alitamani ipimwe kwa wanawake waliojifungua. Utafiti mkubwa, wa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulitoa matokeo 2017, mwaka mmoja baada yake kufariki. Ikitolewa ndani ya saa tatu, hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi. Uchambuzi uliofuata ukaonesha kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa asilimia 10 hivi. Kwa maneno ya Kintinku: dawa ipo kabatini, halali, haijaisha muda, na inapungua nguvu mbele ya macho yetu kwa sababu hakuna aliyesema damu imefika wapi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wafadhili. Leo shuka, kesho kitu kingine, mradi ukiisha na plastiki inaisha. Wana hoja, nami nitairudia. Lakini wasiseme kwamba kupima damu kumeletwa na wageni. Mwaka 2005, Dkt. Godfrey Mbaruku wa Kigoma na wenzake, akiwemo Ndola Prata aliyekuwa akifanya kazi Marekani, walichapisha kazi rahisi mno: walipima kanga ya kawaida inanyonya damu kiasi gani. Kanga mbili zikilowa chapachapa, damu imezidi nusu lita kidogo. Wakunga wa jadi Kigoma wakafundishwa kanuni ambayo hata asiyejua kusoma anaishika: kanga ya pili ikilowa, mpe mama vidonge vya misoprostoli, vya kukaza mfuko wa uzazi. Wanawake waliolazimika kukimbizwa hospitali kutoka vijiji hivyo walikuwa wachache sana kuliko kwenye vijiji vya kulinganishia. Mistari ya plastiki ni mwendelezo wa kanga zile za Kigoma. Aibu ni kwamba tulilisahau somo letu wenyewe mpaka likarudi limefungashwa kwenye nailoni.

Na huyo Mbaruku, kabla ya kanga, alikuwa ameshatuaibisha mara moja. Kati ya 1984 na 1991, katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, yeye na timu yake walitekeleza hatua 22 za gharama ndogo kwa kutumia zaidi kile kilichopo: utaratibu wa kazi, damu ya kuongezea, dawa, nidhamu ya zamu, kushirikisha jamii. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Na hiyo ilikuwa Kigoma ya miaka ya themanini, mwisho wa reli ileile inayopita Kintinku.

Sasa nigeukie wapenzi wa vifaa wenye elimu zaidi, ambao hawadai mashine kubwa. Hawa wanasema peleka puto vijijini. Sayeba Akhter wa Bangladesh aliuonesha ulimwengu miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba kondomu iliyofungwa kwa uzi kwenye katheta, ikaingizwa kwenye mfuko wa uzazi na kujazwa maji ya dripu, inaweza kubana mishipa na kusimamisha damu. Ni ubunifu wa kuheshimika na umeokoa wanawake. Kutokana nao ilizaliwa dhana kwamba kila zahanati ikiwa na puto lake, tumemaliza.

Ilipopimwa, dhana hiyo haikusimama. Nchini Benin na Mali, kuongeza puto la kondomu kwenye misoprostoli hakukuleta nafuu iliyotarajiwa. Kisha ukaja utafiti wa hospitali 18 za Uganda, Misri na Senegali, matokeo yakachapishwa 2019: baada ya puto kuingizwa kwenye utaratibu, upasuaji na vifo vinavyotokana na damu havikupungua, vilionekana kuongezeka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaweka masharti: puto litumike pale ambapo upasuaji na damu ya kuongezea vinapatikana haraka likishindwa. Tafsiri yangu ya kwa nini mambo yalikwenda hivyo ni ya mtu anayejua zamu ya usiku ilivyo. Mkunga mmoja anayefunga uzi kwenye kondomu hawezi kwa wakati uleule kusugua tumbo, kuweka dripu na kupiga simu. Akishaweka puto, anapumua, na gari halijaitwa. Kifaa cha hatua ya mwisho kikipelekwa mahali pa hatua ya kwanza huiba muda.

Kama kuna kifaa kingine kinachoistahili barabara ya Saranda, ni lile vazi la mpira mzito linalofungwa kwa velkro, linalobana miguu, nyonga na tumbo ili damu iliyobaki irudi kwenye moyo, ubongo na figo. Suellen Miller wa California na wenzake walilifanyia kazi Misri, Nigeria, Zambia na Zimbabwe, na WHO ikalikubali 2012 kama kifaa cha kumshikilia mama wakati anasubiri tiba kamili. Taasisi ya Afya Ifakara, Mbaruku akiwemo tena, ililisambaza katika vituo vya vijijini hapa Tanzania pamoja na mtandao wa simu za kuwaunganisha watoa huduma na madereva. Naona watu wakilikabidhi kama zawadi, wakapiga picha, wakaondoka. Lina masharti. Linafungwa kuanzia kwenye vifundo vya miguu kupanda juu. Linafunguliwa kuanzia hukohuko chini, kipande kimoja kimoja, ukingoja dakika 15 na kupima presha kabla ya kingine. Presha ikishuka kwa 20 au mapigo yakipanda kwa 20, unafunga tena haraka. Atakayelifungua kwa kuanzia tumboni, kwa haraka ya kutaka kumkagua mama aliyeshushwa sasa hivi kwenye gari, anaweza kumpoteza palepale mlangoni. Kwa hiyo anayehitaji mafunzo zaidi ni anayepokea, Dodoma au Manyoni, kuliko anayefunga Kintinku.

Nimekutana na hoja moja inayouma. Inasema: mbona mama wa Manyoni apewe plastiki, na mke wa mkubwa apelekwe hospitali yenye kila kitu? Hiyo ni tiba ya maskini. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama shuka lingekuwa mbadala wa hospitali. Desemba 2023 WHO ilipendekeza damu ipimwe kwa kila mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida, popote alipo, na Oktoba 2025 mwongozo mpya ukasogeza mpaka chini: mililita 300 zikifuatana na presha au mapigo yasiyo ya kawaida zinatosha kuanza tiba. Mke wa mkubwa naye anapimwa kwa mstari huohuo. Mstari wa 300 una maana kubwa zaidi huku kwetu, maana kwa takwimu za 2022 zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa Tanzania wana upungufu wa damu. Mwenye damu kidogo akipoteza nusu lita, amepoteza kitu tofauti na aliyekuwa nayo ya kutosha.

Ipo pia hoja ya kikao, ile ya taarifa ya kifo. Mama alichelewa kufika. Chelewachelewa, tunamkumbusha marehemu. Takwimu hizo za 2022 zinasema asilimia 81 ya wanawake walijifungulia kwenye kituo cha huduma, wakati 2015-16 walikuwa 63. Vifo vya uzazi kwa tafiti hizohizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000. Akina mama wametii, wamekuja. Wengi wa wanaovuja damu leo wanavuja wakiwa juu ya kitanda chetu, chini ya taa yetu. Neno "alichelewa" sasa lina kazi ya kujibu swali la nani kati yetu alichelewa.

Haki inanitaka niseme udhaifu wa upande wangu. E-MOTIVE ulifanyika kwenye hospitali, na kituo cha afya si hospitali. Idadi ya vifo peke yake ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba vimepungua. Kilichothibitika ni kupungua kwa uvujaji mkubwa wa damu. Anayetaka kuutumia udhaifu huu kunipinga anakaribishwa, ila aniambie kwanza ni kwa mantiki gani kugundua mapema kutakuwa na faida ndogo mahali ambapo msaada uko mbali zaidi. Mimi naona faida inakua. Hospitalini, dakika 20 zikipotea bado kuna daktari korido ya pili. Kintinku dakika 20 zikipotea ni gari lililoondoka limechelewa.

Kuhusu gari, tunao mfumo mzuri. M-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, unapigiwa 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huita dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Ni mfumo ninaousifu bila kinyongo. Lakini 115 haijipigii. Inapigwa na mtu aliyeamini kwamba hali ni mbaya, na imani hiyo huja kwa presha iliyoporomoka, saa nzima nyuma, au kwa mstari uliofikiwa, sasa hivi.

Mwaka 2017 tuliahidiwa zaidi ya gari. Kampuni ya Zipline na wizara ya afya zilitangaza kwamba ndege zisizo na rubani zingesambaza damu na dawa nchini, kituo cha kwanza kikiwa Dodoma, kuanzia robo ya kwanza ya 2018. Rwanda walikuwa tayari wanazitumia. Robo hiyo ilipita bila huduma hiyo kuanza. Sisemi wazo lilikuwa baya. Kwa wilaya ya Manyoni lingekuwa zuri sana. Nasema habari ile ilipamba kurasa za mbele, nasi waandishi tulijaza safu, na hakuna aliyeuliza kama mkunga ambaye angeagiza chupa ya damu ana namna ya kujua lini aiagize.

Nilisema nitairudia hoja ya plastiki kuisha, kwa sababu ndiyo pekee inayoninyima usingizi. Shuka ni la kutumiwa mara moja. Likinunuliwa na mradi, litakufa na mradi, na mkunga aliyekwisha kuzoea mistari atabaki na jicho alilokuwa ameanza kulistaafisha. Dawa yake ni ya kuchosha na haina utepe: shuka liingie kwenye orodha ya kawaida ya kuagiza Bohari ya Dawa, pamoja na glavu na nyuzi, likiwa na fungu lake kwenye bajeti ya halmashauri, na viwanda vya plastiki vya Dar es Salaam vinavyotutengenezea ndoo na mabeseni vipewe kipimo na viulizwe bei. Oksitosini nayo ilindwe kwa jokofu lenye nyuzi mbili hadi nane, na mtu mwenye jina awe anaandika joto lake kila asubuhi. Ikiharibika kwa joto la bonde lile haibadiliki rangi wala harufu, mkunga atadunga akidhani ametibu. Na mafunzo yasiwe semina ya hotelini Dodoma yenye posho. Yawe mazoezi mafupi ya kila wiki kituoni, mmoja akilala kuigiza mama, mwingine akimwaga maji yaliyotiwa rangi kwenye shuka, wa tatu akishika saa.

Vazi la mpira nalo likinunuliwa, likubaliwe mapema litarudije. Ndiko miradi mingi hukwamia: mama anaondoka amelivaa, anaokoka, vazi linabaki kwenye hospitali iliyompokea, kabatini au juu ya kabati, na kituo kilichomtuma kinakaa bila kitu mpaka mgeni mwingine alete jingine. Liandikwe jina la kituo kwa wino usiotoka. Hospitali inayopokea iwe na la akiba, limeoshwa kwa dawa na kukauka, ili dereva aliyemleta mama saa nane usiku asiondoke mikono mitupu. Atie sahihi, alirushe kiti cha nyuma, na alfajiri liwe limeshafika Kintinku kabla ya zamu ya asubuhi kuingia.